Skrubu Kwenye Mche wa Sabuni

Hakuna kitu cha kunishitua mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu nna haki yangu. Nimebeba magunia ya karafuu bandarini mpaka bega likaota sugu ngumu kama kisigino. Nimewaona watu wakubwa wakikimbia na viatu mkononi, na watu wadogo wakavivaa viatu vile kesho yake. Skuli nimekwenda miaka miwili tu, mwalimu akasema kichwa changu kimejaa pumba, na leo wajukuu wa mwalimu yule wakiharibikiwa na pikipiki wanakuja kusimama mlangoni kwangu na kuniita tajiri. Nna gereji mbili, nyumba ya ghorofa na meno yangu yote. Mtu kama mimi anashitushwa na nini?

Hata hivyo alikuwapo mtu mmoja aliyenitia tumbo joto kwa miaka, na mwenyewe nilikuwa nikimlipa mshahara. Nitamwita Fundi, kwani ndivyo nilivyomwita siku zote. Jina lake nalijua. Ila nilizoea mno kutolitaja, na hata sasa nikitaka kulitamka naangalia kwanza dirishani nani anapita. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo siyaandiki. Waliokuwa mjini wakati ule walimjua kwa kumtazama pua na mwendo tu, na hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe.

Alinijia mwishoni mwa mwaka ule wa Mapinduzi, kwenye kibanda changu cha Mlandege, wakati kibanda chenyewe ni mabati machache na mlango wa kuazima. Alisimama nje na kanzu nyeupe, makubadhi yamepasuka.

"Shikamoo," ulimi wangu ukasema kabla sijauruhusu.

"Marahaba. Nasikia wewe unavunja skrubu."

"Mimi natengeneza pikipiki."

"Nimesikia unavunja skrubu," akarudia. "Mimi nazitoa. Utanilipa nini?"

Hakuwa na unyenyekevu wa mtu anayeomba kazi. Nikampenda kwa hilo, na nikamlipa kidogo kwa hilohilo.

Kila fundi Unguja anapenda kusifiwa kwa injini. Injini ina kelele, ikiwaka watu wanageuka. Lakini mbawa za skuta, makava ya ubavuni, kava la mbele la kukinga upepo, hizo zilikuwa kazi za kero, na hakuna aliyezitaka. Mji wetu umezungukwa na chumvi. Skrubu ikikaa miaka miwili inashikana na bati kama iliyoota palepale. Ukiilazimisha, kichwa kinaliwa na bisibisi inazunguka bure. Ukizidi, kava linapasuka, na kava likishapasuka mteja hataki kusikia habari ya injini inavyonguruma. Dawa yangu mimi ilikuwa tindo na nyundo. Ni dawa ya haraka. Sikatai kuwa ilikuwa na madhara yake.

Fundi alikaa chini, kikoi amekikunja magotini, akachukua sindano ya kushonea magunia na kusafisha ufa wa kichwa cha skrubu kama anayemtoa mtoto uchafu sikioni. Akadondosha mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Kisha akaiacha, akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi hakuanza kulegeza. Alikaza kwanza, kidogo sana, kiasi cha mkono kusikia tu.

"Unakaza nini tena, mzee wangu? Sisi tunafungua!"

"Huyu anataka kuona amekushinda," akanijibu. "Mwache ashinde kidogo, halafu mrudishe."

Ikatoka. Haikulia hata.

Kwake skrubu hazikuwa vitu. Huyu ana kiburi, huyu anaumwa, huyu kafungwa na mjinga. Hilo la mwisho ndilo tusi lake kubwa kabisa, na nyingi alizozitukana hivyo nilizifunga mimi. Alikuwa akijua. Alinitazama huku akisema.

Na alikuwa na ada yake moja ambayo sikuiona kwa fundi mwengine yeyote, si hapa wala Dar es Salaam nilikokwenda baadaye kununua vipuri. Kabla ya kutoa kava, alichukua mche wa sabuni ya kufulia, ile nyekundu ya mafuta ya nazi, akachora juu yake kwa msumari umbo la kava lile. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye sabuni mahali pake: ya juu kulia hapa, ya chini kushoto pale. Wakati wa kurudisha, kila moja ilirudi kwenye tundu lake, imeshapakwa sabuni kwenye meno yake, kwa hiyo ikaingia laini na siku ya kutoka ingetoka laini. Wenzangu wa Darajani walikuja kumtazama na kumcheka. Wanawake waliopita walisonya.

"Subhanallah, sabuni yote hiyo inaliwa na misumari!"

"Si misumari, bibi. Na wewe ndoo yako inavuja," alisema bila kuinua kichwa, na kweli ilikuwa ikivuja.

Hapo msidhani nawaelezea mtu mpole. Upole wote aliumaliza kwa skrubu, watu akawabakishia makali. Alikuwa bahili, hata moto wa kiberiti alikuomba akiwa na kiberiti mfukoni. Aliwadanganya wateja mchana kweupe. Kazi yoyote, iwe ya saa moja au ya wiki, jibu lake lilikuwa moja. Namkumbuka muuza halua mmoja wa Mchangani aliyekuja mara ya tatu kutaka skuta yake.

"Fundi, chombo changu vipi?"

"Baada ya alasiri."

"Alasiri ya lini? Maana jana ilipita, na juzi ilipita."

"Wewe unasali?"

"Nasali zote, alhamdulillahi."

"Basi hutoikosa."

Muuza halua alitaka kukasirika akacheka, akaondoka bila skuta. Mimi ningesema vile ningepigwa.

Asubuhi alikuja na kanzu safi, akaitundika kwenye msumari, akafanya kazi na kikoi na fulana iliyotoboka. Jioni alijisugua mikono kwa mchanga na limau mpaka vidole vyake virefu vikawa havina hata alama moja ya mafuta, akavaa kanzu, akatoka. Ukikutana naye Mkunazini ungedhani ametoka kusoma kitabu. Nilimuuliza anaona haya kazi hii? Akasema, "Mikono ikiwa michafu watu huuliza unafanya kazi wapi. Sitaki kuulizwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichoajiri. Alikaa daima ameelekea ukuta, na ukutani alikuwa ametundika kioo cha pikipiki, apate kuiona njia yote nyuma yake bila kugeuka. Gari likisimama nje, mkono wake ulisimama nalo. Likiondoka, mkono ukaendelea. Nami nikaambukizwa. Nilikuwa mtu wa kulala fofofo, nikawa mtu wa kusikia breki. Mwenye duka la jirani aliniuliza siku moja, kwa sauti ya kujifanya hana haja, "Yule mzee wako, si walikuwa wameshaondoka wale wenye majumba?" Nikamjibu, "Yule? Yule kwao ni kwa mama yake, huko shamba, maskini tu." Usiku ule sikula.

Kwa nini sikumfukuza? Kwa sababu kibanda kilikuwa kimeshakuwa chumba cha mawe, na chumba kilikuwa kimeshakuwa na jina. Watu walisema: ukitaka kava litoke na lirudi zima, nenda Mlandege. Hawakusema kwa nani. Nami sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Sasa niingie kwenye pikipiki.

Wakati huo majumba ya Michenzani yanajengwa, vumbi lake linatufuata mpaka kwenye vikombe. Ilikuwa imebaki siku chache kabla ya sherehe za Mapinduzi. Akaja dereva wa bwana mkubwa mmoja, kijana mwenye mabega mapana, anamumunya ubuyu, midomo myekundu. Aliisukuma pikipiki nyeusi yenye kava kubwa jeupe la mbele, limekumbatia taa na kushuka mpaka miguuni, pande mbili. Hakukuwa na nyengine kama ile mjini. Ilikuwa imeangukia rundo la mawe Michenzani na kava limeingia ufa.

"Ndugu," akaniambia, "bwana mkubwa ataipanda mwenyewe siku ya sherehe. Utoe kava, uzibe ufa, upake rangi, ulirudishe. Liwe kama jipya. Limeeleweka?"

"Mimi ndiye niliyezaliwa kwa kazi hii," nikamwambia. Nilikuwa na furaha iliyopita kiasi. Pikipiki ya bwana mkubwa mlangoni kwangu! Nikageuka nimwambie Fundi alete mkeka wa kuilazia.

Fundi alikuwa ameweka kikombe chini. Ameelekea ukuta, anatazama kwenye kioo.

Dereva alipokwenda, Fundi akainama akijifanya anatafuta bisibisi kwenye sanduku, akasema chinichini, "Hii ilikuwa yangu."

"Sema tena?"

"Sisemi tena."

Nikakaa chini, palepale kwenye mafuta. Ilichukuliwa nyumbani kwake mwaka ule, pamoja na nyumba. Watu wengi walidhani mwenyewe alikwishaondoka na wenzake. Sasa fikiri nami, wewe unayesoma. Bwana mkubwa akijua kuwa mwenye pikipiki wa zamani ndiye anayeilalia kwa spana, siku chache kabla hajaipanda mbele ya watu, atafikiri nini? Atafikiri breki imelegezwa. Atafikiri imekusudiwa avunjike shingo. Wangemchukua Fundi kwa gari, na mimi ningepanda gari hilohilo, kwani chumba ni changu.

"Nenda nyumbani," nikamwambia. "Uumwe mpaka sherehe zipite. Ntafanya mwenyewe."

"Utalivunja."

"Sitolivunja!"

"Kava hili la nyuzi za kioo, jepesi kama ganda la yai. Wewe una nyundo." Akavuta mkeka. "Na chini kushoto kuna mmoja huna habari naye. Meno yake yalikufa zamani, nikamwekea nati kwa nyuma. Huwezi kuiona. Utazungusha bisibisi mpaka kiama, na nati inazunguka nayo kwa ndani, kisha utapandwa na hasira, kisha utapiga."

Alikuwa anasema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli wakati ule. Nikafunga mlango nusu. Akachora kava kwenye mche wa sabuni, akaanza.

Sabuni ilikuwa imeshaanza kuadimika mwaka ule. Foleni za dukani zilikuwa ndefu, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Mche ule ulikuwa wa akiba ya Fundi, na nilimwambia atumie kitu chengine, hata unga wa mhogo uliokandwa. Akanitazama kama niliyemwambia asali kwa Kichina.

Skrubu zake zilikuwa za urefu mbalimbali. Ndefu zilishika pale kava linapopanda juu ya chuma kinene, fupi karibu na tangi. Ukiweka ndefu pahala pa fupi, inapenya na kugusa tangi, au inasukuma kava mpaka lipasuke. Kwa hiyo kila moja ilikwenda kwenye sabuni kwa mahali pake. Alipofika ya chini kushoto, alipitisha mkono nyuma moja kwa moja, vidole vyembamba vikazama, akashika nati bila kutazama.

"Dereva akikuona unafanya hivyo atajua," nikamwambia.

"Basi akija nitapapasa."

Na kweli dereva alikuja mara kwa mara, anamumunya ubuyu wake, anatema kokwa mlangoni. "Imefikia wapi?" Kila akija, Fundi alikuwa mtu mwengine. Alipapasa, alikuna kichwa, aliniuliza mimi, "Tajiri, hii inatoka vipi?" Nami nikamjibu kwa ukali, "Tumia akili!" Dereva akacheka. Akishaondoka tulirudi kwenye kava, jasho limetulowesha sote wawili.

Ufa ukazibwa, rangi ikapakwa, ikakauka vizuri. Asubuhi ya kurudisha kava, mambo yalikuwa yamekaa sawa hata nikaanza kupiga mluzi. Fundi akalipachika kava mahali pake, akavuta mche wa sabuni karibu. Gari likasimama. Dereva akaingia, msaidizi wake akabaki garini, na kwa mara ya kwanza hakuitazama pikipiki. Aliutazama mche.

"Hii mmeipata wapi?"

"Ya zamani, ndugu yangu," nikasema. "Ya kazi."

"Ya kazi! Mke wangu anafulia majivu, nguo za watoto zina rangi ya paka, nyinyi mnachomeka misumari kwenye sabuni!" Akainyanyua. Kwa kidole gumba akaanza kuzing'oa, moja baada ya moja, tapu, tapu, zikaanguka mkekani rundo moja. Alama za msumari zikabaki kwenye sabuni, matundu yamebaki, lakini sabuni ikaingia mfukoni mwake. "Skrubu zenu hizo. Sikuchukua hata moja. Haya, fungeni. Nangojea."

Nilifurahi, wallahi. Nikasema moyoni, na aende nayo, na iwe sadaka. Sikufikiri. Aliyepaswa kufikiri ni Fundi, na yeye vilevile hakufikiri, kwani mikono yake ilikuwa imeshaanza. Ilikwenda kwenye rundo ikachukua ndefu, ikatia juu kulia. Ikachukua fupi, ikatia karibu na tangi. Ya kati, ya kati, ndefu. Hakupima moja kwa nyengine. Hakugeuza hata moja kutazama meno. Zilikuwa zikienda nyumbani zenyewe.

Dereva akaacha kumumunya.

"We mzee."

Mkono wa Fundi ukasimama.

"Mimi nimezichanganya sasa hivi hapa. Umejuaje ipi inakwenda wapi?"

Fundi akatazama kwenye kioo, na kwenye kioo alikuwa dereva, na nyuma ya dereva njia, na njiani gari limesimama mlango wazi.

"Kajuaje?" nikasema mimi, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Yeye ajue nini? Mimi ndiye niliyemfundisha! Nimemkaririsha wiki nzima kama mtoto wa chuo cha Kurani. Pikipiki hii naijua kabla yako wewe hujaota ndevu. Nilikuwa nikiiosha, ndugu! Nilikuwa hamali wa nyumba ile ile ilikotoka, wananitupia mabaki, naosha chombo chao. Skrubu zake zote nazijua kwa jina. Muulize yeyote bandarini mimi nani!"

Hakuna lililokuwa kweli hapo isipokuwa kuwa nilikuwa hamali.

Dereva akanitazama juu chini. "Basi funga wewe."

"Mimi?"

"Si umemfundisha? Yeye akae pembeni. Funga nione."

Nikakaa mkekani. Fundi akasogea. Hofu yangu nikaificha kwa makelele. "Lete skrubu!" nikamfokea. "Unashangaa nini, nipe!"

"Ndiyo, bwana," akasema Fundi.

Akaniwekea moja kiganjani. Niliitia pale ulipoelekea mkono wake alipokuwa akinipa. Nikafoka tena. "Ndiyo, bwana." Akaniwekea nyengine. Mtu ambaye nyumbani kwake mimi ningeingilia mlango wa nyuma, na gunia mgongoni, aliniita bwana mbele ya watu kila niliponyosha mkono, kwa sauti ya chini ya mtumishi aliyezoea. Wala hakukosea hata mara moja. Zikaingia zote. Ikabaki ile ya chini kushoto.

Mkono wangu ni wa hamali, mnene kama mhogo. Nafasi nyuma ya kava ilikuwa ya vidole vyake. Nikausukuma. Chuma kikanichuna ngozi kutoka kifundo mpaka gumba. Nikasukuma tena, damu ikateremka kwenye rangi mpya, Fundi akaifuta haraka kwa kitambaa. Nikaigusa nati, ikanitoroka, nikaigusa tena. Nikaishika kwa ncha za kucha na mkono wa pili nikazungusha bisibisi, nikazungusha, nikakaza, nikakaza tena, kwani nilitaka ikae pale mpaka siku ya kufufuliwa.

"Basi," Fundi alinong'ona. Sikumsikia, nikakaza tena.

Dereva akaipanda, akajaribu breki zote mbili, akaipiga mguu ikawaka. Kabla hajaondoka akasema, "Bwana mkubwa akianguka, nyote wawili najua pa kuwapata." Akatema kokwa, akaenda na sabuni yake. Msaidizi wake akamfuata na gari.

Siku ya sherehe nilisimama kwenye umati, sikuona gwaride, sikusikia bendi. Nilitazama kava jeupe tu. Lilipita mbele yangu, halikutikisika. Nikashukuru Mungu, nikakaa kwenye ukingo wa njia kama mlevi.

Fundi hakurudi kazini. Sikumtuma mtu kumuuliza, kwani kuulizia ni kuonyesha. Kila gari liliposimama nilijua limekuja kuniuliza yuko wapi. Halikuja. Ikapita miezi, ikapita miaka. Gereji ikakua, kwa sababu sasa nilikuwa nikitia mafuta ya taa na kungojea, nikikaza kabla ya kulegeza, ingawa kwa watu nilisema mbinu hiyo nimeibuni mwenyewe.

Nilimwona tena mwanzoni mwa miaka ya sabini. Serikali ilipiga mnada vyombo vyake chakavu, na katikati ya majeneza yale ya chuma ilikuwapo ile pikipiki, imefubaa, kava limegeuka rangi ya meno ya mzee. Nikaipigia bei mpaka wengine wakaniachia. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuwa ameshaniambia kuwa kuna mzee wa mjini anatengeneza baiskeli Mkokotoni, anakaa uani kwa dada yake, hatoki. Nikaitengeneza mpaka ikawaka, nikaipanda mpaka huko, mchana, kifua mbele. Nilitaka nione macho yake nitakapomkabidhi.

Alinifungulia mlango wa ua. Alikuwa amekonda. Badala ya salamu akaishika pikipiki kwa mikono miwili, akaivuta ndani, akafunga mlango na kuifunika mkeka.

"Umeipitisha njiani? Hii? Mchana?"

"Shikamoo, Fundi. Nimekuletea chombo chako."

"Marahaba. Nani kakuona?"

"Watu. Barabara nzima. Ntajificha kwa nini, nimeinunua mnadani kihalali!"

"Halali yako ni yako. Mimi wakiniona nayo wataanza kuhesabu: mzee huyu nani, pikipiki hii ilikuwa ya nani." Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani, kama ulivyokuwa ukisimama zamani gari likisimama. "Unaniletea msiba, mwanangu, na umeupaka rangi."

Nilikuwa nimekuja kupongezwa.

Aliinua mkeka kidogo upande mmoja. Akalipitisha gumba lake kwenye kava, juu mpaka chini. "Hili ndilo wanalolijua," akasema. "Si pikipiki. Pikipiki nyeusi ziko chungu nzima. Kava." Akaniomba bisibisi. Skrubu zikatoka, moja, ya pili, ya tatu, laini, na za mwisho zikatoka kwa vidole tu. Akafika chini kushoto. Akaingiza mkono nyuma. Akautoa, akanitazama.

"Nani alikaza hii?"

"Mambo ya zamani hayo, Fundi."

"Kafungwa na mjinga," akasema, na nikaona mdomo wake unapinda, na kutahamaki anacheka, bega linatetemeka, machozi yanamtoka, na mimi nacheka, mpaka dada yake akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Ilibidi tuikate kwa msumeno wa chuma, tukipokezana. Kava lilipotoka, ilibaki pikipiki nyembamba, nyeusi, ya mtu yeyote. Akaizunguka. Akaipanda, mara ya kwanza kumwona juu ya chombo chochote tangu nimjue, akatoka nayo uani bila kuaga, kikoi kinapepea, akaenda mpaka sokoni na kurudi. Watu walimwamkia njiani. Hakuna aliyegeuka mara ya pili.

"Umeinunua kwa kiasi gani?" akaniuliza aliporudi. Kabla sijafungua mdomo akaunyanyua mkono. "Hapana. Usiniambie, na usimwambie mtu. Nakujua wewe, kila chako unakitangaza na bei yake. Ukitaja bei utataja pikipiki, ukitaja pikipiki utanitaja mimi. Hii moja ifunge mdomoni."

Nikaahidi. Nikaondoka na kava nimelizungushia mkeka. Kwenye gari la abiria utingo akasema mzigo ule unakalia kiti, kwa hiyo ulipe kiti, nikalilipia kava nauli kama mtu. Nilipofika nyumbani nilikuwa na hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na hakuna hata mmoja wa kumhadithia. Nilikaa nayo miaka yote aliyobakisha. Wateja walijisifu mbele yangu kwa walivyonunua, nami, mimi huyu, nikanyamaza.

Amekufa kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake, na watu wengi walimzika. Sasa hakuna wa kudhurika, basi naitaja. Mnadani, mia nne thelathini na tano. Nauli yangu kutoka Mkokotoni, moja na nusu. Nauli ya kava, moja na nusu nyengine. Shilingi mia nne thelathini na nane.